Kumtumaini Mungu Mambo Yakikulemea: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yametoka kwa watu wa Nairobi tunaokutana nao katika ushirika wa nyumbani, kwenye korido za hospitali, na baada ya ibada, pale mtu anapokuvuta kando karibu na geti na kukuambia ana neno dogo. Mara nyingi neno lenyewe si dogo. Tumeyaandika karibu na vile yalivyoulizwa. Mistari ya Biblia ni ya Union Version, ile wengi wetu tulikua nayo. Swali la kwanza tumeliweka juu makusudi. Mengine hayana mpangilio, kwa hiyo anza na lile linalokuuma.

Nimechoka kuishi. Je, Mungu atanisamehe kwa kuwaza hivyo?

Mwambie mtu leo, kabla hujamaliza kusoma ukurasa huu. Mwambie aliye karibu nawe kwa maneno ya wazi, usizunguke: "Nimekuwa nikifikiria kufa." Kama hakuna mtu unayeweza kumwambia, piga 1199, laini ya bure ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, uzungumze na mshauri. Ukihisi huwezi kujizuia, nenda hospitali yoyote iliyo karibu yenye idara ya dharura, na usiende peke yako. Watu wengi waliogopa kufika hospitali kwa sababu kujaribu kujiua kulikuwa kosa chini ya kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu. Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kifungu hicho kinakiuka Katiba. Nenda bila hofu hiyo.

Sasa tuje kwa swali lako. Nabii Eliya aliwaza hivyo hivyo. Alikuwa ametoka tu kuwashinda manabii wa Baali mlimani Karmeli, tena hadharani, halafu Yezebeli akatuma ujumbe mmoja wa vitisho na mtu mzima akakimbilia jangwani. Akaketi chini ya mretemu akasema, "Yatosha, sasa, Ee Bwana, uiondoe roho yangu." Ukiisoma 1 Wafalme 19 utaona Mungu hakumkemea wala hakumwambia afunge siku tatu. Alimwacha alale. Kisha malaika akamgusa, na kando ya kichwa chake palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akalala tena. Mara ya pili malaika akamwambia, "Inuka, ule, kwa maana safari hii ni kubwa mno kwako." Mazungumzo mazito yalikuja baadaye sana, kule Horebu.

Kwa hiyo ukituuliza tukuombee kwanza au tukupikie kwanza, tutakupikia. Na daktari akisema unahitaji dawa za msongo wa mawazo, meza. Hospitali ya Mathari pale Thika Road imebeba matusi ya watoto wa mtaa kwa miaka mingi ("utapelekwa Mathari!"), na bado ni mahali ambapo ndugu zetu wengi wamesaidiwa wakarudi kazini.

Kumtumaini Mungu ni kufanya nini hasa?

Wengi tunadhani ni kuwa na uhakika kwamba jambo litaisha vile tunavyotaka: bosi atapiga simu, uvimbe utayeyuka, kesi itatupwa nje. Lakini soma Danieli 3. Vijana watatu wako mbele ya tanuru na wanamwambia Nebukadneza kwamba Mungu wao aweza kuwaokoa. Kisha wanaongeza maneno ambayo hayasikiki sana kwenye makesha yetu: "Bali kama si hivyo, ujue, Ee mfalme, ya kuwa sisi hatukubali kuitumikia miungu yako." Walijua Mungu anaweza. Kama atafanya, hawakujua. Walichokuwa wameshaamua ni watasimama na nani.

Tukiulizwa tuliseme kwa ufupi, kumtumaini Mungu ni kuendelea kumwendea na jambo lako, hata ukiwa na machozi, hata ukiwa na hasira, bila kumwekea sharti la namna litakavyoisha, na wakati huohuo ukifanya la leo lililo mbele yako. Mfalme Yehoshafati alipovamiwa na jeshi kubwa aliomba mbele ya taifa zima: "wala hatujui tufanyeje, lakini macho yetu yatazama kwako" (2 Nyakati 20:12). Kiongozi anakiri hadharani kwamba hajui la kufanya! Huku kwetu tungenong'onezana kwamba hana upako.

Nalia kila siku. Ina maana imani yangu ni haba?

Hapana. Yesu alilia kwenye kaburi la Lazaro hali akijua dakika chache baadaye atamfufua. Zaburi ya 13 inaanza, "Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele?" na ya 88 haina hata mstari mmoja wa furaha mwishoni, inaishia gizani. Zote mbili zimo katika kitabu cha nyimbo za ibada, maana yake ziliimbwa mbele za Mungu na watu wa Mungu. Kama ushirika wako unakuambia ufute machozi kabla ya kuingia, wasomee hiyo ya 88 yote, polepole.

Wanasema Mungu hakupi mzigo usioweza kuubeba. Mbona huu wangu siuwezi?

Kwa sababu Biblia haisemi hivyo. Mstari unaotajwa ni 1 Wakorintho 10:13, na unazungumza juu ya majaribu yanayomvuta mtu atende dhambi, kwamba Mungu hufanya na mlango wa kutokea. Hauzungumzii mama aliyefiwa na mume Januari, akapata barua ya kuhama Machi, na mtoto akalazwa Aprili.

Paulo huyohuyo, katika barua yake ya pili kwa watu walewale, anaeleza yaliyompata Asia: "tulilemewa mno kuliko nguvu zetu, hata tukakata tamaa ya kuishi" (2 Wakorintho 1:8). Kuliko nguvu zetu. Mtume. Kwa hiyo ukilemewa, hujavunja rekodi yoyote ya ubaya. Na katika Wagalatia 6:2 anaandika, "Mchukuliane mizigo." Agizo hilo lisingekuwa na kazi yoyote kama kila mtu angepewa mzigo wa saizi yake.

Tunalisema hili kwa ukali kidogo kwa sababu tumeona msemo ule ukitumiwa kumkwepa mtu. Unamwambia "Mungu anajua unaweza", unampiga bega, unaingia kwenye gari lako.

Kazi imeisha, kodi inatakiwa tarehe tano, na nimekopa kwenye simu hadi nimefika mwisho. Naomba usiku kucha. Nifanye nini kingine?

Hili ndilo swali tunalolipata zaidi ya yote, kuanzia Kayole mpaka Kitengela, na linastahili jibu refu.

Kuna mjane katika 2 Wafalme 4. Mumewe alikuwa mcha Mungu, amekufa akaacha deni, na mdai anakuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Anamlilia nabii Elisha. Elisha hamwambii "litaisha tu, mama." Anamuuliza ana nini nyumbani. Hana kitu ila chupa ya mafuta. Basi anatumwa kwa majirani akaazime vyombo vitupu, tena vingi. Hebu fikiria aibu yake: majirani wote wanajua ana madeni, na sasa anagonga mlango kwa mlango akiomba masufuria. Muujiza ulikuja, ndiyo, lakini ulipitia milango ya majirani. Na mafuta yalipopatikana aliambiwa akayauze, alipe deni, waishi kwa kitakachobaki. Hakuambiwa ayanyunyize.

Tukifuata njia hiyohiyo hapa Nairobi:

Andika madeni yote kwenye karatasi moja: la sako, la chama, la duka, la kila programu ya simu, na Fuliza ya M-Pesa pia. Watu hukataa hatua hii kuliko zote, kwa sababu jumla inatisha. Lakini huwezi kumwendea Mungu na kitu ambacho wewe mwenyewe hutaki kukiangalia.

Nenda kwa mwenye nyumba au keateka kabla ya tarehe tano. Ukienda tarehe tatu na sehemu ya kodi mkononi, unaongea na binadamu. Ukizima simu mpaka tarehe kumi na tano, utaongea na kufuli.

Acha kukopa programu moja ili ulipe nyingine. Na wale wanaopiga simu kwa mama yako, kwa bosi wako wa zamani na kwa mwalimu wa mtoto wakikuaibisha, ujue kwamba kanuni za Benki Kuu ya Kenya za mwaka 2022 kuhusu wakopeshaji wa kidijitali zinakataza vitisho, lugha chafu, na kuwasumbua watu walio kwenye orodha yako ya simu. Benki Kuu huchapisha orodha ya wenye leseni. Asiyekuwemo, mripoti. Deni halali unalo bado, na Mkristo hulipa, lakini hakuna andiko linalosema mkopeshaji ana ruhusa ya kukuvua nguo hadharani.

Kamari usiiguse. Tunajua jinsi inavyoanza, shilingi hamsini tu za kujaribu bahati, na tunajua wanaume waliocheza karo ya muhula mzima katika usiku mmoja huku wakiomba Mungu abariki mkeka.

Kisha waambie watu. Hapa ndipo watu wa Nairobi hushindwa, hasa wanaume. Kijijini njaa yako inajulikana kwa moshi usioonekana. Hapa mtu anaweza kulala njaa siku tatu katika ploti ya vyumba arobaini na jirani wa pazia la pili asijue. Ukiwa umefutwa kazi na bado unavaa suti kila asubuhi ili mke asijue, umeongeza mzigo wa pili juu ya wa kwanza. Mwambie leo jioni. Mwambie na kiongozi wa ushirika wako. Kibarua cha mjengo, cha kufua au cha kusaidia kibandani hakiwezi kukufikia kama hakuna anayejua unakitafuta. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu, na wenye usemi huu hawakuwa wapagani.

Mhubiri amesema nikipanda mbegu ya elfu kumi mlango utafunguka. Nikope nipande?

Usikope. Ukisonga mbele sura moja tu kutoka kwa yule mjane, katika 2 Wafalme 5, Naamani anapona ukoma na kumletea Elisha zawadi nono, na Elisha anaapa hatapokea kitu. Gehazi, mtumishi wake, anamkimbilia Naamani nyuma, anazichukua fedha kwa hila, na ule ukoma unamhamia yeye. Hivyo ndivyo Biblia inavyowatazama wanaouza kile Mungu alichotoa bure.

Sadaka ya shukrani ni nzuri, na anayetaka kutoa hatuna neno naye. Namba ya paybill inayopita chini ya skrini ikiahidi muujiza ni jambo jingine.

Je, kwenda hospitali au kumeza dawa ni kukosa imani?

Mfalme Hezekia aliomba akiwa mgonjwa wa kufa, Mungu akamwongezea miaka 15. Na katika sura hiyohiyo, Isaya 38, nabii Isaya anaagiza tini ziwekwe juu ya jipu lake. Maombi na matibabu viko ukurasa mmoja. Paulo anamshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake na magonjwa yanayomrudia mara kwa mara. Hakumtumia kitambaa cha upako.

Ukiacha dawa za presha, za kisukari au za virusi vya Ukimwi kwa sababu mtu amekutabiria umepona, rudi kwa daktari upimwe. Uponyaji wa kweli hauogopi maabara. Nchi hii ilishajionea kule Shakahola, kaunti ya Kilifi, mwaka 2023, ambapo miili zaidi ya 400 ilifukuliwa msituni, watu walioaminishwa kwamba kufunga hadi kufa ni njia ya kumfikia Yesu. Wengi wao walikuwa watu wenye matatizo ya kweli, waliotafuta mahali pa kuyaweka. Shetani alipomwambia Yesu ajitupe kutoka kinara cha hekalu alinukuu Zaburi, na Yesu akamjibu, "Usimjaribu Bwana Mungu wako."

Bili ya hospitali imetushinda. Tufanye nini zaidi ya maombi?

Katika hospitali za umma kuna afisa wa ustawi wa jamii. Muulizie mapema, siku ya pili au ya tatu ya kulazwa, usisubiri siku ya kuruhusiwa. Yeye ndiye anayechunguza hali ya familia na kupendekeza sehemu ya bili isamehewe. Mwaka 2015 Mahakama Kuu hapa Nairobi iliamua kwamba kuwazuilia akina mama waliojifungua kwa sababu ya bili ni kukiuka Katiba, ingawa tunaofika wodini tunajua jambo hilo halijaisha.

Na mlio wazima, jisajilini SHA, bima ya afya ya serikali, sasa, kwa kupiga *147#. Ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75, na kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi. Ina malalamiko yake mengi, baadhi ya haki kabisa. Lakini kuingia kwenye harambee ya WhatsApp ukiwa hujajisajili popote ni kuwatwika marafiki mzigo ambao ungepungua.

Kwa nini mimi? Ni dhambi gani nilifanya? Au ni laana ya ukoo?

Watu walimletea Yesu swali hili. Yeye mwenyewe akataja habari iliyokuwa midomoni mwa watu Yerusalemu: "Au wale kumi na wanane, walioangukiwa na mnara huko Siloamu, ukawaua, mwadhani ya kuwa wao walikuwa wakosaji kuliko watu wote waliokaa Yerusalemu?" Akajibu mwenyewe kwamba sivyo, kisha akawageuzia wasikilizaji wote, akiwaambia watubu.

Nairobi tuna minara yetu ya Siloamu. Tarehe 7 Agosti 1998 bomu lilipolipuka kwenye ubalozi wa Marekani, jumba la Ufundi lililokuwa jirani liliporomoka, na watu zaidi ya 200 wakafa jijini siku hiyo, wengi wakiwa makarani, wanafunzi wa ukatibu, na wapita njia waliokuwa wakisubiri matatu. Nani atasema walikuwa wakosaji kuliko waliokuwa Westlands asubuhi hiyo? Aprili 2016 ghorofa likaanguka Huruma usiku wa mvua. Lilikuwa kando ya mto na lilikuwa limeshaorodheshwa libomolewe, lakini kodi iliendelea kukusanywa. Aprili na Mei 2024 maji yakabeba nyumba Mathare na Mukuru.

Tunaitaja Huruma kwa sababu tumechoshwa na tabia ya kumpa Mungu, au shetani, au nyanya aliyekufa zamani, kazi iliyofanywa na mtu mwenye saini na muhuri. Kuna msiba usioelezeka, na mbele ya huo tunanyamaza. Lakini kuna mwingine wenye maelezo, na kumtumaini Mungu hapo ni pamoja na kuandika barua, kwenda kwa chifu, kwenda mahakamani. Manabii wa Israeli walifanya hivyo kila wiki.

Kuhusu laana ya ukoo: Ezekieli 18. Isome yote kabla hujalipa mtu aje akuvunjie.

Nimeomba kwa miaka na hakuna kilichobadilika. Nikome?

Hatutakudanganya kwamba muujiza uko mlangoni. Labda uko, labda haupo.

Mstari ulio kwenye kalenda na fulana nyingi ni Yeremia 29:11, "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema Bwana, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya." Kwenye kalenda hakuna nafasi ya mstari wa 10, unaosema hayo yatatimia miaka 70 ikiisha Babeli. Barua ile ilitumwa kwa watu wazima waliohamishwa kwa nguvu, ambao wengi wangekufa ugenini. Waliambiwa wafanye nini wakati huo wote? Wajenge nyumba, wapande bustani, waoe, wazae, wauombee amani mji ule uliowachukua mateka. Ni maagizo ya kawaida mno, na kwa mtu anayesubiri jibu kwa muda mrefu tunaona ndiyo yanayomfaa: usiyaahirishe maisha mpaka jibu lije. Peleka mtoto shule. Maliza kozi ile. Panda sukuma wiki kwenye magunia pale kwenye veranda.

Paulo aliomba mara tatu mwiba uondolewe, akaambiwa, "Neema yangu yakutosha." Yesu aliomba kikombe kimwepuke, na hakikumwepuka. Ukiwa umeomba bila kupata ulichotaka, uko pamoja na hao wawili, na hao hawakuwa na imani ndogo.

Ila unaweza kubadilisha namna unavyoomba. Wengine wamechoka kwa sababu kila sala ni hotuba ndefu ileile. Soma zaburi moja kwa sauti, nyamaza dakika tano, nenda kalale. Kama huwezi kabisa, waombe wengine waombe kwa niaba yako kwa muda. Yule mwenye kupooza katika Marko 2 alibebwa na watu wanne, na imani iliyotajwa pale ni ya kwao.

Mume wangu ananipiga. Nimeambiwa nivumilie nimtumaini Mungu.

Daudi alimtumaini Mungu, na Sauli alipotaka kumuua alitoka kwa dirisha usiku, mkewe Mikali akimshusha (1 Samweli 19). Toka. Piga 1195, ni bure, saa yoyote. Chukua kitambulisho na vyeti vya watoto ukiweza. Ukishindwa, vitafuatwa baadaye. Ukipigwa, fika hospitali kwanza na uombe fomu ya P3 polisi ili ushahidi usipotee. Anayekuambia urudi uombe zaidi, mwambie aje alale hapo yeye.

Nina shaka. Siku nyingine sijui hata kama Mungu yupo.

Baba mmoja katika Marko 9 alimwambia Yesu, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Mtoto wake aliponywa siku hiyohiyo. Sala hiyo inatosha kuanzia, na unaweza kuisema ukiwa umesimama kwenye foleni ya matatu.

Mimi ni Mwislamu, rafiki amenitumia ukurasa huu. Unanihusu?

Karibu sana. Sisi ni Wakristo na tumeandika kwa lugha yetu, na mengine utayapata vizuri zaidi kwa maulamaa wako. Lakini Wanairobi wa dini zote mbili hupanda matatu moja na hudaiwa kodi ileile, na tumejifunza kwa majirani zetu. Wao wametueleza kwamba tawakkul, yaani kumtegemea Mungu, inakwenda pamoja na kumfunga ngamia, kama alivyoagiza Mtume katika hadithi iliyo katika mkusanyiko wa Tirmidhi. Na katika sura Yusuf, Yaakub analia mpaka macho yanakuwa meupe kwa huzuni, na bado anasema malalamiko yake anayapeleka kwa Mwenyezi Mungu. Tuliposikia hilo tulikumbuka Zaburi zetu.

Rafiki yangu amepatwa na makubwa. Nimwambie nini?

Kidogo. Marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno, na hilo ndilo jambo la maana pekee walilofanya. Walipofungua midomo waliharibu, mpaka Mungu mwenyewe akawakasirikia.

Badala ya "nikusaidie na nini?", ambalo mwenye msiba hawezi kulijibu, tenda kitu kimoja kinachoonekana. Mtumie nauli ya kwenda Hospitali ya Kenyatta na kurudi, kila Jumatatu, bila kukumbushwa. Chukua watoto Jumamosi. Peleka unga, mafuta na tokeni za stima. Ukiwa mweka hazina wa mchango, toa hesabu kila jioni kwenye kikundi, na pesa zifike kwa mgonjwa, zisikwame kwenye simu yako. Usimpige picha akiwa kitandani. Na mwezi wa tatu, wakati kikundi cha WhatsApp kimenyamaza na wengine wamejitoa, mpigie simu tena, kwa sababu hapo ndipo mambo huwa mabaya zaidi na hakuna tena anayeuliza.

Jambo langu limetulia kidogo. Natakiwa kutoa ushuhuda?

Ukitaka, na ukiwa tayari. Hudaiwi. Mshereheshaji akikuita jina mbele ya kanisa bila kukuuliza, una haki ya kupunga mkono na kubaki umeketi.

Ukiamua kusimama, sema na yale ambayo hayajaisha: kwamba deni la sako bado liko, kwamba kliniki ni kila baada ya miezi mitatu. Pale nyuma kuna mtu ambaye lake halijatulia hata kidogo, na anasikiliza kama kuna nafasi yake. Taja pia waliokusaidia kwa kazi zao, yule nesi wa zamu ya usiku, jirani aliyekupikia, mama mboga aliyekukopesha mwezi mzima. Kisha siku hiyohiyo, ukiwa na chochote, kamlipe mama mboga.